Sarafu Zilizopita Nchi ya Wamwera

Mtu atokaye Lindi akapanda bara, akaiacha harufu ya bahari nyuma yake na kuingia nchi ya Wamwera, nchi ya mikorosho na ufuta na mbaazi, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea hata mwaka 1995 Ruangwa ilipofanywa wilaya peke yake, hatakuta kijijini Mbekenyera kasri wala makumbusho wala kaburi la sultani lenye nakshi. Walakini akipiga hodi kwa adabu, na akawa na subira ya kuketi na kusikiliza, huenda akatolewa kikopo cha bati au fundo la kitambaa, na ndani yake sarafu tatu au nne ambazo hazijanunua kitu dukani tangu zama za babu wa mwenye nyumba. Wafanyabiashara wa sarafu wa Ulaya na Marekani, ambao siku hizi hufikiwa kwa simu ya mkononi kutoka kijiji chochote chenye mnara, watazitazama na kuzitia katika daraja la chini, maana nyuso za wafalme zimefutika, kingo zimelika, na pengine moja imetobolewa ipate kuvaliwa shingoni. Mimi nazihesabu kuwa miongoni mwa hati chache za tarikhi ambazo nchi hii imejiwekea yenyewe, kwa kuwa kila moja ilifika huku kwa sababu ya bidhaa iliyouzwa, kodi iliyodaiwa, au kazi iliyofanywa, na uchakavu wake ni ushahidi wa mikono iliyoipokea.

Kiwanda cha sarafu kilichokuwa karibu mno na nchi hii katika zama za kale kilikuwa Kilwa Kisiwani. Masultani wa huko waligonga sarafu ndogo za shaba nyekundu kwa karne kadhaa kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505, wakaandika upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili wakayapanga yapatane kwa vina, ustadi ambao sijui kama umefanywa na wagongaji wengi wa sarafu duniani. Zenye jina la Ali bin al-Hassan ndizo zilizookotwa kwa wingi; za al-Hassan bin Sulaiman, mjenzi wa Husuni Kubwa katika karne ya 14, zimeonekana za shaba na, kwa nadra kubwa, za dhahabu. Moja ya huyo bin Sulaiman iliokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota tano za Kilwa pamoja na nne za Kiholanzi katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Ajabu ni kwamba fedha hii iliyofika ng'ambo ya bahari ya Hindi ilikuwa fedha ya soko la mji, na watu wa bara, walio nyuma ya Kilwa kwa mwendo wa siku chache tu, waliendelea kubadilishana kwa nguo, shanga, chumvi na majembe. Bahari iliunganisha watu kwa wepesi kuliko pori.

Baada ya karne nyingi, katika zama za Sayyid Said wa Unguja na wanawe, misafara ya Kilwa Kivinje na Lindi ilipopita nchi hii kwenda Ziwa Nyasa kutafuta pembe na watumwa, na baadhi ya waliotekwa wakiwa watu wa nchi hii hii iliyopitwa, hesabu ya matajiri wa pwani ilifanywa kwa reale, yaani ile sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha Maria Theresa, malkia wa Austria. Yeye alikufa mwaka 1780. Lakini kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikwisha kuizoea sura yake, na walikataa kila sura nyingine, watu wa Vienna waliendelea kuigonga wakaiandika 1780 mwaka nenda mwaka rudi, na baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay wakaigonga pia, kwa tarehe ileile. Kwa hiyo mnunuzi anayeonyeshwa reale na kuambiwa kwamba ina miaka zaidi ya 200, na mwaka wake ndio huu umeandikwa, anaambiwa neno ambalo sarafu yenyewe haina uwezo wa kulithibitisha. Iliyo nyingi masokoni leo ni ya karne ya 20. Ina gramu 28 za uzito, na katika hizo fedha safi ni zaidi kidogo ya 23, na aghalabu thamani yake ni hiyo ya fedha iliyomo. Wajuzi hutofautisha matoleo kwa kuhesabu lulu za bizimu iliyo begani mwa malkia na kutazama manyoya ya mkia wa tai, kazi ya macho yenye subira na kioo cha kukuzia, ambayo picha ndogo ya simu haiwezi kuifanya.

Sayyid Barghash, mmoja wa wanawe hao, naye alitoa sarafu zake za mwaka 1299 wa Hijra, sawa na 1882 Miladi, na kati ya hizo ile pesa ya shaba yenye picha ya mizani ilitapakaa sana. Reale yake ya fedha, kinyume chake, ni nadra. Mtu akipata ya kwanza kwa bei ya ya pili ajue amelipia jina la sultani. Fauka ya hizo, rupia za India zenye kichwa cha Malkia Victoria ziliingia kwa wingi kadiri wafanyabiashara wa Kihindi walivyofungua maduka Lindi na Kilwa, na mpira wa porini ulipopanda bei katika miaka ya mwisho ya karne ile, watu wa bara waliokata mitoria na kuteremka na mizigo ya mpira, nta na sandarusi walianza kuziona hizo rupia si kwa tajiri tu, bali viganjani mwao.

Halafu wakaja Wajerumani. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 kutoa pesa ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijra, 1307, kwa kuwa ilijua fika kwamba watu wa pwani husoma herufi hizo na hawatapokea sarafu wasiyoweza kuisoma. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Rupia yenyewe, ya fedha, ilikuwa na uzito uleule wa rupia ya India, gramu 11.66, ila mahali pa malkia alikaa Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake, na nyuma yake simba amesimama mbele ya mti. Pesa za 1890 hadi 1892 ziligongwa kwa mamilioni, nazo zingali zikiokotwa mashambani baada ya mvua. Anayeziuza kama hazina iliyofichika ama hajui ama anajua mno. Adimu za zama hizo ni zile za rupia mbili, zilizotolewa mwaka 1893 na 1894 tu, na mzee wa Mbekenyera asingekuwa na sababu ya kuziona.

Rupia moja moja ndiyo aliyoijua, na aliijua kwa njia ya kodi. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kodi ya nyumba, ianze kutozwa mwaka uliofuata, na kwa nyumba ya shamba ikawa rupia tatu. Hapo mwanzo ilikubaliwa kulipwa kwa mazao au kwa kazi, kisha serikali ikazidi kutaka fedha taslimu, na hivyo mtu ambaye maisha yake yote hayakuhitaji rupia alilazimika kuitafuta kwa kuwa alijenga kibanda na kulala ndani yake. Machemba, mkuu wa Wayao wa Makonde aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka kumi, alikuwa na kodi hiyo miongoni mwa mambo aliyoyakataa, na mwaka 1899 akavuka Ruvuma na kwenda zake Msumbiji. Mtu wa sarafu akiiangalia rupia ya 1897 au 1898 humtazama kwanza Kaisari, kama sharubu zake zinaonekana au hazionekani. Mimi ningependa aikumbuke na ile mbiu ya kodi.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua kazi ya kampuni, ikaziondoa pesa 64 na kuigawa rupia kwa heller 100, ambazo watu waliziita hela na jina likabaki hata leo baada ya kitu chenyewe kutoweka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Agosti Wamwera wakainuka, misheni za Wabenedikti za Nyangao na Lukuledi zikachomwa, na malipizi ya Wajerumani, waliochoma ghala na mashamba, yakaleta njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Sababu za vita zile ni nyingi, na kodi ni moja katika hizo, pamoja na mashamba ya pamba ya kulazimishwa na ukatili wa maakida. Nikiishika hela moja ya shaba ya 1905, ambayo katika minada ya Ulaya huuzwa kwa bei ya sahani ya chakula, naona taabu kukubali kwamba hiyo ndiyo thamani yake. Lakini soko la sarafu halipimi taabu ya waliozitumia, linapima uchache wa zilizobaki na uzuri wa kubaki kwake, na mwenye kuuza lazima alijue hilo kabla hajataja bei.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta sarafu ambayo imewavuta watu kuliko zote. Waingereza walipoifunga bahari, fedha haikuweza tena kuletwa kutoka Berlin, na mwaka 1916 Wajerumani walifanya karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, kuwa kiwanda cha sarafu. Huko waligonga hela 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, kwa maelfu juu ya maelfu, kwa mashine zisizotengenezwa kwa kazi hiyo, hata nyingine zikatoka zimepinda au chapa imekwenda upande. Na kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke waligonga rupia 15, zaidi kidogo ya vipande 16,000, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Mji ule ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba mwaka huohuo, kazi ikaisha. Kwa kuwa sarafu hiyo ni ya dhahabu, ni chache, ina kisa, na ina tembo, imeghushiwa mara nyingi, na waghushi wamefanya nyingine kwa dhahabu ya kweli, ili kipimo cha madini kisiwaumbue. Yenyewe ina dhahabu ya robo tatu tu na uzito wa gramu 7 na ushei. Mwenye kujua hutazama kwanza mahali pa pambo lililo chini ya maandishi upande wa pili, maana ukungu wa chapa ulikuwa wa namna mbili na pambo limekaa chini ya herufi tofauti. Kisha hutazama ncha za herufi, ambazo katika sarafu iliyopigwa kwa nguvu huwa kali na katika iliyomiminwa huwa za mviringo, kana kwamba zimelambwa.

Tembo huyo wa dhahabu hakuwa na safari ya kuja nchi ya Wamwera, au kama alikuja, alikuja mfukoni mwa afisa. Vita vyenyewe vilikuja. Oktoba 1917 mapigano ya Mahiwa, miongoni mwa makali kabisa ya vita vya Afrika Mashariki, yalipiganwa katika bonde la Lukuledi, karibu na Nyangao, na Novemba 25 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma na mabaki ya jeshi lake. Mwaka huo Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma porini walilipa kwa noti za rupia moja zilizopigwa kwa mihuri ya mpira juu ya karatasi ya aina yoyote iliyopatikana. Wapagazi waliopokea karatasi hizo, na wakulima walionyang'anywa mtama na kupewa karatasi hizo, hawakupata mtu wa kuwabadilishia. Katika sehemu nyingi za Tanzania ungali unasimuliwa uvumi wa mali ya Wajerumani iliyozikwa chini ya miti na mawe, na watu wazima wameacha mashamba yao wakachimba mashimo kwa kuamini ramani zilizouzwa na matapeli. Jeshi lililofikia kupiga noti kwa muhuri wa mpira halikuwa na dhahabu ya kuacha nyuma.

Fedha za Waingereza zilianza kwa mashaka. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliundwa London mwezi wa Desemba 1919. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwa shilingi mbili za Kiingereza, ikatolewa sarafu mpya iliyoitwa florini, na kabla watu hawajaizoea florini ikaondolewa, ikaja shilingi, iliyoshika nchi tangu 1922. Sarafu za 1920 za nusu florini, zenye kuandikwa senti 50 na shilingi moja kwa pamoja, nyingi zilirudishwa kalibuni zikayeyushwa, na zilizobaki ni chache kweli. Hapa, kwa mara moja, maneno ya wauzaji na ukweli hukutana. Shilingi ya 1921 hadi 1925, yenye simba mbele ya milima, haina fedha ila robo moja, nayo ikichakaa huonyesha wekundu wa shaba mahali palipolika, dalili ambayo mnunuzi mgeni huidhania kuwa ya ughushi nayo ni ya asili yake.

Katika sarafu ndogo za zama hizo, zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka, ipo moja ambayo kila mwaka hupotosha watu. Mfalme Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke aliyetaka kumwoa, na Uingereza yenyewe haikutoa sarafu zenye uso wake kwa matumizi ya watu. Lakini sarafu zenye tundu hazina nafasi ya uso. Zilihitaji jina tu. Na kwa hiyo senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936 zilitoka na jina lake, zikateremka hadi kwenye magulio ya Lindi, na kijana wa Mbekenyera akaweza kununua chumvi kwa sarafu ambayo mtu wa London asingeipata. Kisa ni kizuri. Bei si kubwa, kwa sababu ziligongwa kwa wingi. Zinazofaa kutazamwa kwa makini zaidi ni zile alama ndogo za viwanda: H na KN za Birmingham, I ya Bombay, SA ya Pretoria, ambazo mbili za mwisho ziliandikwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli zilipokuwa zikizamishwa na ikawa ni salama zaidi kugonga fedha upande huu wa dunia, maana mwaka uleule, thamani ileile, huweza kuwa na bei mbili kwa tofauti ya herufi moja, na wauzaji wengi huipiga picha sarafu upande usio na herufi hiyo.

Shilingi za Mfalme George VI zilizogongwa tangu 1948, ambazo hazina fedha kabisa bali shaba na nikeli, nadhani ndizo zilizoijaza nchi hii kuliko zilizotangulia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Miti iling'olewa kwa matrekta, mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka pwani. Na vijana wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kingoni wakaandikwa kazi, wakalipwa kwa mwezi. Karanga hazikustawi, mvua haikufuata hesabu za London, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu akiuliza nini kilichobaki cha mamilioni yale, sehemu moja ya jibu ni hizo shilingi ambazo mfanyakazi alizirudisha nyumbani, akazitoa mahari, na mahari ikazipeleka nyumba nyingine. Haziuzwi kwa chochote cha maana katika minada.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, na mwaka huo zikatoka sarafu za kwanza zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere: senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, ambayo watu wameiita sumni, na shilingi yenye mwenge. Picha na filamu fupi huzunguka katika simu zikidai kwamba sumni ya mwaka fulani inatafutwa Ulaya kwa mamilioni ya shilingi. Haitafutwi na mtu. Sarafu hizo ziligongwa kwa mamilioni, na isipokuwa zile ambazo hazikupata kutumika kabisa, bei yake ni ya kumbukumbu. Zilizo na thamani ya kweli katika zama hizo ni zile zilizotolewa 1974 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, twiga na kifaru kwa fedha na duma kwa dhahabu ya shilingi 1,500, na hizo hazikupita sokoni.

Naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, kwa kuwa Nachingwea ina haki ya sarafu moja zaidi, ingawa si ya Tanzania. Kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, wapiganiaji uhuru wa Msumbiji, ilikuwa huko, na kiongozi wao Samora Machel alitoka huko mwaka 1975 kwenda kuipokea nchi yake. Mwaka huo ziligongwa sarafu za Msumbiji zenye kichwa chake, kwa fedha iliyoitwa metica, kisha zikazuiwa kabla hazijaingia katika matumizi, na karibu zote zikaharibiwa. Chache zilizoponyoka ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa mno za kusini mwa Afrika. Mtu wa Nachingwea aliyemwona Samora kwa macho yake hana uwezo wa kuinunua picha yake.

Sasa juu ya madaraja. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, alipokuwa akiandika juu ya senti za kale za nchi yake, alitunga kipimo cha 1 mpaka 70, akidhani kwamba senti iliyo kamili ingekuwa na thamani mara 70 ya ile isiyotambulikana ila kwa shida. Hesabu ile ya bei iliharibika upesi, kipimo kikabaki. Tangu 1986 na 1987 kampuni mbili za Marekani, PCGS na NGC, zimekuwa zikipokea sarafu za watu, zikizipa daraja, na kuzifungia katika kasha la plastiki lenye namba. Ni kazi yenye faida, maana huondoa ubishi kati ya watu wasioonana. Lakini ina mwelekeo ambao mtu wa nchi hii lazima autambue: daraja la juu kabisa hupewa sarafu ambayo haikufanya kazi yoyote, iliyotoka kiwandani ikaingia sandukuni, na rupia iliyolipa kodi ya Mbekenyera, ikarudi kwa mshahara wa askari, ikanunua kaniki kwa Mhindi na kulipa kodi tena, haitavuka 20. Iliyotobolewa au kutiwa kishikio na sonara haipewi daraja la namba. Huandikwa tu kwamba imeharibiwa. Makasha nayo hughushiwa, kwa namba ya sarafu nyingine iliyo ya kweli, hivyo mnunuzi akiitafuta namba hiyo katika daftari la kampuni huiona, na moyo wake hutulia kwa makosa. Dawa ni kuilinganisha picha ya daftari na sarafu iliyo mkononi, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Lifanywalo mara nyingi, na kwa nia njema, ni kusugua. Mwenye nyumba akisikia kwamba mgeni anapenda sarafu, huichukua na kuipiga kwa ndimu na majivu, au dawa ya meno, mpaka ing'ae. Na kwa kazi ya dakika tano huondoa ngozi ambayo hewa na mikono viliifanya kwa miaka mia, na kuacha mikwaruzo midogo iliyo sambamba ambayo mjuzi huiona mara moja. Iliyosuguliwa haina tiba. Maji safi na kitambaa laini cha kufyonza maji pasipo kusugua ndiyo mwisho wa usafi unaoruhusiwa.

Kununua kwa mtandao kuna hila zake, na iliyo kongwe ni picha: sarafu nzuri hupigwa picha, mbaya ikatumwa. Nyingine ni dalali anayeleta ndugu na marafiki zake wapandishe bei ya mnada ili mgeni apandie. Kwa wauzaji wa vijijini hila hugeuka: huja mtu asiyeonekana, akasema ana tajiri wa ng'ambo atakayelipa mamilioni kwa rupia moja, ila kwanza itumwe ada ya usajili, kisha ya forodha, kisha ya cheti, yote kwa simu, na tajiri hafiki. Anayetaka kununua rupia kwa kweli anahitaji vitu vitatu ambavyo si vya ghali: sumaku, ambayo haina budi kuipuuza sarafu; mizani ndogo ya sonara; na bilauri ya maji. Bilauri iwekwe juu ya mizani, mizani irudishwe sifuri, rupia ining'inizwe kwa uzi mpaka izame bila kugusa chini. Ikiwa ya fedha ya kweli, mizani itaonyesha gramu 1.1 na kidogo, na kipande cha shaba na nikeli chenye uzito uleule kitaonyesha 1.3. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Sarafu za Kilwa ni mlango mwingine, na umefungwa kwa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakihesabu kila kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya 1863 kuwa ni kumbukumbu ya taifa isiyouzwa wala kutolewa nchini pasipo idhini, na kwa hiyo kila tangazo la sarafu ya Ali bin al-Hassan iliyotoka Kilwa juzi linamtaka mnunuzi awe mshirika katika kosa. Wako wasemao kwamba kipande cha shaba chenye ukubwa wa ukucha si kitu. Hao na wakumbuke kwamba mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, iliibuka akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, zilizogongwa na watawala wa hapohapo wasioandika mwaka, na pamoja nazo dinari za dhahabu za makhalifa wa Kifatimi. Dinari zile zilikuwa na mwaka. Kwa kuwa zilipatikana pamoja na hazikuwahi kutenganishwa, wanachuoni waliweza kusema kwamba sarafu zile za fedha ni za karne ya 11. Dhahabu ingaliuzwa peke yake, kama sonara yeyote angalivyoshauri, watawala wale wa Pemba wangalibaki majina yasiyo na zama.